Hita ya gesi imegoma, na mama kichwa kinamuuma: jibu kwa dada wa Fuoni

Swali:

Assalaam alaykum fundi. Naishi Fuoni na mama yangu, ana miaka 74, miguu inamsumbua na kipupwe hiki bila maji ya moto haogi. Mwaka jana tulinunua hita ya gesi ya lita 6 tukaifunga bafuni, mtungi wa kilo 6 uko chini yake. Miezi minane ilikwenda vizuri. Sasa wiki ya tatu: asubuhi nikifungua maji hita haisemi kitu. Mara nyengine inapiga ta-ta-ta na haiwaki. Jioni huwaka, lakini huzima kabla mama hajamaliza, na maji yenyewe ni vuguvugu tu. Maji yetu ni ya tangi la juu ya dari, pampu tunaiwasha baada ya Laasiri. Nimebadilisha mtungi, hali ileile. Kaka yangu yuko Leicester, Uingereza. Ananiambia nitafute geji niongeze presha mpaka bari 1, nami geji siioni. Anasema akija atatuletea nyengine kutoka huko. Fundi wa mtaani anasema hii imekufa. Nifanye nini? Mama naye siku hizi akitoka kuoga hulalamika kichwa na kizunguzungu, labda ni ule mvuke.

Jibu:

Waalaykum salaam, dada yangu. Uliyoyauliza nitayajibu yote, lakini naanza na lile ulilolitia mwisho. Huo si mvuke. Maji ya moto hayamtoi mtu bafuni na kichwa na kizunguzungu kila siku. Kabla hujasoma mbele, nenda kafunge mtungi, na mama asiogee tena hita hiyo mpaka itoke humo bafuni. Hata kama leo jioni itawaka vizuri. Hasa ikiwaka vizuri.

Gesi ya mtungi ikipata hewa ya kutosha huungua kwa moto wa buluu, ikatoa mvuke wa maji na kaboni dioksaidi. Ikikosa hewa, moto hugeuka njano, ukaanza kutoa masizi na kaboni monoksaidi. Hiyo kaboni monoksaidi haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Ile harufu mbaya ya gesi unayoijua imetiwa makusudi ili mtungi ukivuja ujue. Hii nyengine inazaliwa ndani ya moto wenyewe na pua yako haitaiona kamwe. Mtu akiivuta hushika kwenye damu mahali pa oksijeni, na haiachii upesi. Huanza kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, magoti hulegea. Baadaye mtu anakaa chini kwa sababu amechoka, na hainuki.

Tufanye hesabu ya bafu la kawaida: urefu mita 2, upana mita 1 na nusu, dari mita 2 na nusu. Hewa yote iliyomo ni mita za ujazo 7.5. Hita ya lita 6 ikiwaka kwa nguvu zake zote hula kiasi cha kilo 1 ya gesi kwa saa, na kila kilo inataka hewa ya mita za ujazo 13 hivi ili iungue sawasawa. Mama akioga dakika 10, moto umeshakula hewa ya zaidi ya mita za ujazo 2. Ni zaidi ya robo ya bafu, na dirisha bila shaka mmelifunga kwa ajili ya baridi na stara. Hewa iliyobaki ndiyo anayoivuta yeye.

Ikitokea amelegea au amezimia, usihangaike kumvisha wala kumpa maji. Mfunike khanga, mtoe nje kwenye upepo, kisha hospitali, Mnazi Mmoja au iliyo karibu nanyi. Na ukifika mwambie daktari kwa maneno haya: alikuwa anaoga na hita ya gesi inawaka. Usipomwambia, mzee wa miaka 74 mwenye kichwa na kizunguzungu atapimwa presha na malaria, na muda utapita. Na kwa kuwa maumivu haya yamekwisha kujirudia, mpeleke akaangaliwe hata kama leo anajiona mzima.

Sasa hita yenyewe. Haijafa. Kwa jinsi ulivyoeleza ina matatizo mawili, na la tatu huenda likawa betri tu. Fundi aliyekwambia imekufa hakukaa akaisikiliza. Hita ya aina hii inangoja vitu vitatu kwa mpangilio: kwanza maji yaisukume, halafu itoe cheche, halafu gesi ifike. Kila kinapokosekana kimoja inakuwa na sauti yake, na wewe sauti hizo umeziandika mwenyewe.

Kimya cha asubuhi ni maji. Ndani yake, mahali maji yanapoingilia, kuna kiwambo cha mpira. Maji yakipita kwa nguvu kiwambo hubonyea, kikasukuma swichi ndogo, na hapo tu ndipo betri huamshwa. Maji yakiwa legelege kiwambo hakibonyei na hita haijui kama umefungua mfereji. Kuna aina zisizo na kiwambo, zina kijipanga kinachozungushwa na maji, lakini mambo ni yaleyale.

Soma kibandiko kilicho ubavuni mwa hita. Nyingi zimeandikwa kwamba presha ya chini kabisa ya maji ni 0.02 MPa, yaani bari 0.2. Nyumba yenye tangi juu ya dari presha yake inatokana na kimo tu: kila mita 1 ya kimo cha maji inakupa bari 0.1, hakuna zaidi, hata tangi liwe la lita 5000. Sasa tuseme chini ya tangi lenu kuko mita 1 na nusu juu ya shawa, na tangi lina kimo cha mita 1. Baada ya Laasiri mmewasha pampu, tangi limejaa, maji yamesimama mita 2 na nusu: bari 0.25. Hita inawaka. Usiku watu wanatawadha, wanaosha vyombo, alfajiri wanatawadha tena. Asubuhi tangi limebaki robo, kimo kimeshuka mpaka mita 1 na robo tatu: bari 0.17 au 0.18. Hita iko kimya. Jioni na asubuhi yako imo humo.

Utauliza, mbona miezi minane ilifanya kazi na tangi ni lilelile? Kwa sababu mlikuwa mnapita ukingoni tangu siku ya kwanza, na sasa njia imeziba kidogo. Maji yetu ya visima Unguja yanapita kwenye mawe ya chokaa. Angalia sufuria unayochemshia maji, ule ukoko mweupe wa chini. Ukoko huohuo unaziba vitundu vya shawa. Na kwenye bomba linaloingiza maji kwenye hita, ndani ya nati, mna chujio dogo la waya linalokusanya mchanga na takataka za tangi. Katika hita zote nilizoitiwa kwamba zimekufa, chujio hilo ndilo ninaloanza nalo, na mara nyingi ndilo ninalomalizia nalo.

Uzuri wa jambo hili ni kwamba unaweza kulijaribu bila gesi kabisa. Mtungi ukiwa umefungwa, hita bado inatakiwa kupiga ta-ta-ta maji yakipita, kwa sababu cheche haziijui gesi. Kwa hiyo asubuhi, tangi likiwa chini, fungua kichwa cha shawa ukitoe, halafu achia maji kwenye ndoo. Ikipiga ta-ta-ta, ulikuwa ni ukoko wa shawa: kilaze kichwa hicho kwenye siki usiku kucha, asubuhi kisugue kwa mswaki. Ikibaki kimya, funga maji, fungua nati, toa chujio ulioshe. Kisha pima: ndoo ya lita 10 ijaze kupitia hita huku ukitazama saa. Ikichukua zaidi ya dakika 4, una chini ya lita 2 na nusu kwa dakika, na hita nyingi za lita 6 hapo haziamki.

Kama umesafisha vyote na bado asubuhi ni kimya, tangi liko chini mno na hakuna dawa ya kunywesha hita. Ama linyanyuliwe, ama itiwe pampu ndogo ya kusukuma maji ya bafuni. Mimi napenda kunyanyua, kwa sababu pampu ni umeme, na tuliokuwapo hapa tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa baharini ulipoharibika na Unguja nzima ikakaa gizani, hatupendi kuoga kwetu kutegemee umeme. Lakini lita 1000 za maji ni tani 1 nzima. Asije mtu akapanga matofali manne juu ya dari akasema kazi imekwisha. Mwite mwashi aone ukuta unaobeba. Njia ya tatu, isiyo na gharama hata kidogo, ni kuwasha pampu kabla mama hajaoga badala ya baada ya Laasiri. Hiyo ijaribu kesho, mtungi ukiwa umefungwa, usikilize kama inapiga ta-ta-ta.

Ta-ta-ta bila moto ni habari nyengine: maji yapo, swichi imeamka, ila cheche ni dhaifu au gesi haikufika. Anza na betri. Zimo mbili kubwa kwenye kisanduku cha chini, na zile za bei rahisi hazifiki mbali. Ta-ta-ta ya haraka na kali ni betri nzima; ikiwa inavuta, ta... ta... ta, badilisha zote mbili kwa pamoja, utie za alkalaini. Tazama na vibati vinavyogusa betri. Kwa hewa yetu ya chumvi hufanya kutu ya kijani, na betri mpya juu ya kutu ni sawa na betri mbovu. Visugue kwa msasa laini mpaka ving'ae.

Siku uliyobadilisha mtungi, ta-ta-ta bila moto lilikuwa jambo la kawaida: mpira ulikuwa na hewa, na lazima ufungue na kufunga mfereji mara tatu nne mpaka gesi ifike. Hilo halikutishe. La kutazama ni regyuleta na mpira, maana mtungi umebadilisha lakini hivyo viwili ni vilevile. Mpira ukiukunja ukaona nyufa nyufa, hata nyembamba kama unywele, utupe. Maungio yapake povu la sabuni mtungi ukiwa wazi na hita imezimwa. Pakitoa mapovu panavuja. Usitumie kiberiti, hata kwa sekunde moja. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hulala sakafuni ikangoja, na sakafu ya bafu lenye mtungi ndani yake ni mahali pabaya pa kuilaza.

Na wadudu. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja ya wageni upande wa Paje, hita imekaa miezi miwili bila kuwashwa, inapiga cheche hadi betri zinakwisha. Nyigu alikuwa amejenga kiota cha udongo ndani ya mdomo wa bana, yaani pale gesi inapotokea na kuwaka. Buibui naye hupenda vijitundu hivyo. Hilo lakini si la kufungua wewe. Bana na njia ya gesi ni kazi ya fundi.

Nimelifikiria zaidi tatizo la jioni: inawaka, maji vuguvugu, inazima kabla ya kumaliza. Hapa ndipo barua yako inapofungamana. Maji ya tangi hapa kwetu, hata kipupwe, yanaingia kwenye hita yakiwa na nyuzi 26 au 27. Kuyafikisha 40, ambayo ni joto la kuoga vizuri, ni kuongeza nyuzi 13 tu. Kwa lita 6 kwa dakika hiyo ni kazi ya nusu ya nguvu za hita yako. Na nyinyi maji yenu ni machache, huenda lita 3. Yalitakiwa yatoke ya kuchoma. Kama yanatoka vuguvugu, moto wenyewe ni mdogo au ni mchafu.

Mdogo unaweza kuwa kwa sababu ya mtungi. Gesi iliyomo ni majimaji, na ili igeuke gesi inanyonya joto la chuma cha mtungi. Mtungi wa kilo 6 ukitakiwa kutoa kilo 1 kwa saa hauwezi kwa muda mrefu: tumbo lake hupoa, hutoa jasho, na presha hushuka. Ndiyo maana kuubadilisha kwa mwenziwe wa kilo 6 hakukusaidia. Ukikuta sehemu ya chini ina umande na baridi kama chupa iliyotoka frijini, ndiyo hiyo. Kwa hita nataka mtungi wa kilo 15, na kitufe cha gesi kishushwe nusu. Kwa hali ya hewa yetu hamna haja ya moto mkubwa, na gesi itakaa karibu maradufu.

Mchafu ni kwa sababu ya hewa, na hili ndilo ninaloliamini zaidi, kwa ajili ya kichwa cha mama. Mwezi baada ya mwezi katika bafu lililofungwa, moto umekuwa ukigeuka njano na kupaka masizi kwenye mapezi ya shaba yaliyo juu yake. Masizi yanazuia joto lisiingie kwenye maji, kwa hiyo maji ni vuguvugu. Yanaziba njia ya moshi, kwa hiyo kaboni monoksaidi inaongezeka na kumwagikia chumbani. Na hewa ya bafu ikichoka kabisa, baadhi ya hita zina kifaa kinachokata gesi. Kule kuzima unakolalamikia, dada, huenda ndiko kulikomlinda mama mpaka leo. Tazama ukuta na dari juu ya hita. Pakiwa na weusi hata kidogo, huna haja ya ushahidi mwengine. Asije fundi akakifunga kifaa hicho moja kwa moja ili isizime. Wapo wanaofanya hivyo, na nakuomba umtoe mlangoni atakayekushauri hilo.

Kuhusu kaka yako: anasema kweli, ila anazungumzia mtambo mwengine. Boila ya nyumba za kwao huzungusha maji yaleyale ndani ya mabomba yaliyofungwa mpaka kwenye redieta za vyumbani, yaani vyuma vya kupasha chumba joto, na maji hayo lazima yawe na presha ya bari 1 hadi 1 na nusu. Yakipungua boila hujifunga, mtu anaongeza maji, anabonyeza kitufe, inarudi. Hita yako haizungushi maji. Inayapasha yanapopita na kuyaacha yaende zake. Geji huioni kwa kuwa haipo.

Ila mwombe asilete hita kutoka huko kabla hajasoma kibandiko chake. Nyumba nyingi za Uingereza zinatumia gesi asilia ya bomba, huandikwa G20, presha milibari 20. Sisi tunatumia ya mitungi, G30 au G31, na vitundu vya bana vyake ni vidogo zaidi. Hita ya gesi asilia ukiiunga kwenye mtungi inapokea gesi nyingi kupita kiasi, inawaka njano siku ya kwanza, na utarudi palepale unapotoka sasa, ila kwa haraka zaidi. Badala yake akutumie kifaa cha kengele ya kaboni monoksaidi. Kwao ni kitu cha kawaida madukani, kinatumia betri.

Kazi ninayotaka ifanywe ni hii. Hita itoke bafuni, ifungwe ukuta wa nje, uani, chini ya ukingo wa paa ili mvua isiipige, mbali na madirisha. Bomba la maji ya moto ndilo liingie ndani peke yake. Mtungi nao ukae nje, umesimama wima, kwenye kivuli. Upepo wa kusi ukiwa unaupiga ukuta huo utazima moto, kwa hiyo itengenezewe kisanduku cha bati chenye matundu mapana juu na chini, kisizibwe. Kabla ya kuifunga upya, fundi afungue mapezi ayasafishe masizi kwa brashi laini, asafishe bana, na koili ya shaba aipitishie siki iliyochanganywa na maji ili kutoa ukoko. Akimaliza, mwambie aiwashe mbele yako. Moto uwe wa buluu wote. Ncha za njano zikibaki, hakumaliza, na usimlipe bado.

Kwa siku hizi mbili tatu, chemsha maji jikoni, tia ya baridi kwenye ndoo kwanza kisha ya moto juu yake, na mama aoge kwa kata akiwa amekaa kwenye kigoda. Na niandikie tena ukiwa na vitu vitatu: dakika ilizochukua ndoo ya lita 10 kujaa asubuhi, kimo kutoka chini ya tangi mpaka kwenye shawa, na kama juu ya hita kuna weusi. Nikivipata nitakwambia kama tangi linyanyuliwe au liachwe.